Namba 2 Kwenye Karatasi ya Kinyama

Kwa muda wa miezi mitano kaka yangu alikuwa akisikia harufu ya mpira unaoungua. Tunakuwa tumekaa barazani kwake Nkuhungu, hapa Dodoma, jua limeshazama, vumbi limetulia, mara anainua kichwa na kuuliza, "Nani anachoma tairi?" Siku ya kwanza wifi yangu, Mama Neema, alitoka kuchungulia kwa jirani. Siku ya pili akaenda kunusa mtungi wa gesi. Baadaye aliacha kutoka. Harufu ilimshika kaka dakika moja, pengine chini ya hapo, na ilipomwachia alibaki ameduwaa, analamba midomo, halafu anaendelea na mazungumzo kutoka mahali ambapo sisi tulishapapita.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kile kilikuwa kifafa. Kifafa tulichokijua ni cha kuanguka na kutoa povu. Kumbe kipo kinachoanzia kwenye kipande kidogo tu cha ubongo, na kipande hicho kikiwa ndicho kinachohusika na harufu, mtu atanusa moto usiokuwepo.

Kaka alikuwa mtunza hesabu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa mjini, akiwa katika mwaka wake wa kumi na moja. Ni mtu wa rula na kalamu nyekundu. Kufikia mwanzoni mwa 2024 kichwa kilikuwa kinamuuma kila alfajiri, kinatulia akishatapika, na majina ya vitu yalikuwa yanamponyoka. Siku moja alimwambia Neema amletee "ile ya kufungulia," huku akionyesha mlango. Alikuwa anataka funguo. Dukani akaanza kuruka mistari, anajumlisha saruji kwenye safu ya nondo, na bosi wake akaanza kuhisi ama anakunywa ama anaiba.

Alikuwa na daftari la hospitali, yale madogo yanayouzwa nje ya geti. Ninalo hapa mezani ninapoandika. Ziara saba kwenye zahanati moja, kuanzia Novemba 2023 hadi Aprili 2024. Malaria. Taifodi. Malaria tena. UTI. Vidonda vya tumbo. Ukurasa wa sita anashauriwa kununua miwani, na wa saba umeandikwa neno moja tu, msongo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mgonjwa anaumwa kichwa alfajiri na kutapika, ingawa Mama Neema anaapa kwamba alilisema kila walipokwenda. Huko Mvumi mama yetu alishaamua kwamba mwanawe karushiwa kitu. Kazini walisema apelekwe Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili.

Tarehe 29 Aprili akaanguka dukani, mwili mzima umekakamaa. Wakamkimbiza General, hospitali ya mkoa, na kutoka hapo akapelekwa Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa kipimo cha CT, picha ya ndani ya kichwa. Uvimbe ukaonekana upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio. Yaliyofuata nitayapita haraka: dawa za kifafa, kipimo cha MRI, rufaa ya Dar es Salaam, foleni, damu ya kuchangia, kisha Agosti akafunguliwa kichwa. Alitoka salama. Nawashukuru wote waliomshika mikononi mwao siku ile.

Baada ya wiki tatu yakatoka majibu ya kinyama, kile kipande cha uvimbe kilichopelekwa maabara kupimwa. Tulikuwa tumefikia kwa shangazi, Mbagala. Ilikuwa karatasi moja, Kiingereza kitupu, na mstari wa mwisho una neno refu lililofuatiwa na namba 2. Kijana wa shangazi akalitafuta neno kwenye simu, kisha akatangaza sebuleni, "Ni saratani, hatua ya pili." Shangazi akaangua kilio. Kufika saa mbili usiku ndugu wa Mvumi walikuwa wameshaanza kuulizana nauli. Kaka mwenyewe, bandeji kichwani, alinivuta mkono akaniuliza taratibu kama Neema atamaliza shule.

Kesho yake nilimfuata daktari nikiwa sijalala. Aliniangalia akasema, "Dada, kaa kwanza. Nani amewaambia hatua?"

Kile alichonieleza ndicho kilichonifanya niandike haya, maana tangu siku hiyo nimekutana na familia kadhaa zilizovunjwa moyo na namba hii, na nyingine zilizojipa matumaini yasiyo na msingi, zote zikiwa hazijaielewa.

Saratani ya matiti au ya shingo ya kizazi huulizwa imefika wapi: ipo palepale, imeingia kwenye tezi, imeshafika kwenye ini au mifupa? Hizo ndizo hatua. Uvimbe ulioanzia kwenye ubongo ni nadra sana kutoka nje ya kichwa na uti wa mgongo, kwa hiyo swali la umefika wapi halisaidii sana. Wanachoulizia ni tabia: seli zake zinafananaje na seli za kawaida, zinagawanyika kwa kasi gani, zina mbegu gani za urithi zilizoharibika. Majibu hupangwa kwenye madaraja manne ya Shirika la Afya Duniani, 1 hadi 4. Daraja la 1 hukua polepole, na kama lipo mahali panapofikika, upasuaji peke yake unaweza kulimaliza; meninjioma nyingi, zile zinazoota kwenye utando unaofunika ubongo, ni za hapo. Daraja la 2 nalo ni la polepole, lakini mara nyingi limepenyeza vidole ndani ya ubongo usio na ugonjwa, huwezi kuling'oa lote, na linaweza kurudi, pengine likiwa limepanda daraja. La 3 seli zake zinagawanyika kwa wingi. La 4 linakwenda mbio kuliko yote, na la kawaida zaidi kwa watu wazima ni glioblastoma.

"Kwa hiyo la kwanza ni salama?" nilimuuliza.

Akachukua kikombe chake cha chai, akafunika mdomo wa kikombe kwa kiganja. Fuvu ni chombo kilichofungwa, akasema, halina pa kutanukia. Uvimbe wa daraja la 1 ulioota kwenye shina la ubongo, pale panapoendesha pumzi, unaweza kuua mtu. Uvimbe wa daraja la 2 ulio mahali pazuri, mtu anaweza kuishi nao miaka mingi, anafanya kazi, analea watoto. Namba isomwe pamoja na mahali ulipo, umri wa mgonjwa, na kiasi kilichotolewa.

Akaongeza jambo ambalo sikulitegemea. Tangu toleo la tano la mwongozo wa madaraja hayo, la 2021, hadubini peke yake haitoshi kupanga daraja. Uvimbe wa aina ya kaka, unaoitwa astrositoma, unatakiwa upimwe pia vinasaba, hasa kimoja kinachoitwa IDH. Uvimbe unaweza kuonekana mpole kwenye hadubini, lakini vinasaba vyake vikauhesabu kuwa daraja la 4. Kwa hiyo familia ikipewa namba iulize imetokana na kipimo gani. Majibu ya IDH ya kaka yalikuwa ya upande tuliouombea.

Kwenye wodi ileile alikuwepo mama mmoja mwenye glioblastoma. Mdogo wake aliniuliza kama namba 4 inamaanisha hakuna la kufanya. Lipo, ingawa si la kudanganyana. Utafiti uliotolewa 2005, ambao matibabu ya sasa yameegemea juu yake, ulionyesha kwamba mionzi ya wiki sita pamoja na vidonge vya temozolomidi iliwapa wagonjwa muda wa kati wa kuishi wa miezi 14.6, yaani nusu yao waliishi zaidi ya hapo, wakati mionzi peke yake iliwapa 12.1. Ukiangalia miezi hiyo utaona ni tofauti ndogo. Lakini waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 26.5 dhidi ya 10.4, na kwa mwenye watoto wadogo hiyo si hesabu ya kupuuza.

Sasa nije kwenye barua.

Tuliporudi Dodoma, Mama Neema alikuwa anafua koti la kaka, akakuta bahasha mfuko wa ndani. Ni barua ya kuachishwa kazi, ya tarehe 14 Mei 2024, wiki mbili tu baada ya kuanguka. Sababu: utoro na kushindwa kazi. Kaka aliipokea akiwa amelewa dawa za kifafa, akaikunja, akaisahau. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Sisi tulikuwa tunaelekea siku ya 120.

Nilikaa nayo kwenye ngazi za jikoni nikahisi kama nimepigwa. Tungejua Mei tungeipeleka Mei. Hakuna aliyetuambia, na hospitalini kila mtu anakuuliza kadi ya bima, hakuna anayekuuliza kama mgonjwa ana mwajiri.

Msaidizi wa kisheria mmoja wa mtaani kwetu, mama mtu mzima, ndiye aliyetufungua macho. Wapo wengi sasa, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kwa asiye na uwezo huduma yao ni bure. Alisoma barua mara mbili. "Mwanangu, mlango haujafungwa," akasema, "ila sasa mtaeleza kila siku ilikwenda wapi." Tume inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu ya msingi, na kulazwa hospitali ni sababu ikiwa kuna karatasi. Basi tukapanga karatasi: CT ya Aprili, rufaa, tarehe ya kulazwa, ya upasuaji, ya kuruhusiwa, majibu ya kinyama. Wiki mbili tu ndizo hazikuwa na karatasi, katikati ya Juni, tulipokuwa nyumbani tunasubiri kitanda, na ndizo tulizoulizwa zaidi. Muda ukaongezwa.

Hapo ndipo nilipoona namba 2 ikigeuzwa huku na huku. Upande wa mwajiri ulipopinga tusiongezewe muda, walisema huu ni uvimbe wa daraja la chini, ugonjwa wa polepole, mtu alikuwa na nguvu ya kuleta malalamiko kwa wakati. Walipokuja kutetea kumwachisha, mtu yuleyule akawa mgonjwa wa saratani ya ubongo ambaye hawezi tena kuaminiwa na hesabu. Niliandika sentensi zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Sheria haiulizi namba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinamtaka mwajiri, kabla hajamwondoa mgonjwa, aangalie chanzo cha hali hiyo, ni ya muda au ya kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa au mtu akapewa nyingine. Nani alimuuliza kaka hayo? Alikuwa General, dripu mkononi.

Lakini tulikuwa na kasoro yetu, na naisema ili mwingine asiirudie. Zile ziara saba za zahanati kaka hakuwahi kuomba ED hata moja, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazi. Alikuwa anaenda, anameza dawa, anarudi dukani saa tano, na wao wanaandika mtoro. Likizo ya ugonjwa inadai cheti cha daktari, na pasipo cheti mwajiri halazimiki kulipa. Kama kichwa kinauma kiasi cha kukupeleka zahanati, omba ED, ipige picha, itume kazini siku hiyohiyo.

Kilichotusaidia zaidi ni barua ya daktari bingwa, na hii nayo tuliiomba mara mbili. Ya kwanza ilikuwa na jina la ugonjwa na daraja, basi. Msaidizi wetu akatuambia hiyo itawatisha tu. Ya pili ilieleza mtu anaweza nini: anasoma na kuandika vizuri, asipande ngazi wala kuendesha gari kwa sasa kwa sababu ya kifafa, atapata shida ya kukumbuka maneno kwa miezi kadhaa, atapimwa tena Februari. Msuluhishi aliisoma polepole, kwa sauti, mbele ya pande zote. Baada ya hapo mazungumzo yalibadilika. Tulifikia makubaliano: malipo ya likizo ya ugonjwa, notisi, stahili zake nyingine na cheti cha utumishi. Kurudi dukani hakutaka mwenyewe.

Bima ya mkopo ilikuwa vita nyingine. Kaka alikuwa na mkopo wa mshahara, na mkopo ule ulikuwa na bima inayotaja magonjwa makubwa. Kampuni ikajibu kwamba uvimbe wa daraja la 2 hauingii kwenye tafsiri yao ya saratani. Ombeni nakala ya mkataba wenyewe, ndugu zangu, msiridhike na kipeperushi. Kwetu kulikuwa na kifungu kingine, chini zaidi, kuhusu uvimbe wa ubongo unaoacha athari za neva, ambacho hakuna aliyetutajia. Mgogoro wa bima una Msuluhishi wake wa Migogoro ya Bima, na tulipomtaja tu kwenye barua yetu ya pili, faili likafunguliwa upya.

Na zahanati je? Kila anayeliona daftari lile ananiuliza kwa nini hatukushitaki. Nilikwenda kwa wakili nikiwa na hasira ya kutosha watu watatu. Alinisikiliza, kisha akaniambia kwamba uzembe wa kitabibu una mambo ya kuthibitisha: kwamba alikuwa na wajibu kwako, kwamba alifanya chini ya kiwango cha mwenzake mwenye taaluma hiyo, na kwamba kosa hilo ndilo lililoleta madhara. La tatu ndilo linaloangusha wengi, na hapo daraja la uvimbe linarudi. Astrositoma ya daraja la 2 huenda ilikuwemo kichwani miaka kadhaa. Tungehitaji bingwa aseme mahakamani kwamba miezi mitano ile ilibadilisha matokeo. Kwa mama wa glioblastoma ingekuwa ngumu zaidi, kwa kuwa upande wa pili ungesema mwisho ungekuwa uleule.

Kisha nikamsimulia habari za mzee wa Singida aliyekuwa kitanda cha jirani, meninjioma daraja la 1 iliyokandamiza mshipa wa fahamu wa jicho, aliyepewa dawa za matone miaka miwili hadi jicho moja likazima. Wakili akakaa wima. Huyo, alisema, ana kesi: uvimbe unaotibika, dalili iliyokuwa wazi, jicho lililopotea kwa kuchelewa. Namba ndogo ndiyo yenye madai makubwa. Sikuwahi kulifikiria hivyo.

Yapo makosa yasiyohitaji bingwa kuyaeleza. Wengi mnakumbuka 2007, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Jambo la namna hiyo linajisemea lenyewe. La kuchelewa kugundua halijisemei, linategemea karatasi.

Muda nao unakimbia. Madai ya uzembe yana miaka 3. Hospitali ikiwa ya serikali, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu. Nakala ya faili lako unaweza kuiomba kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kuzifikia taarifa zako, na Tume inayoisimamia ipo hapahapa Dodoma. Mimi sikufungua kesi. Niliandika malalamiko kwa Baraza la Madaktari, kurasa tatu, na nakala za ziara zote saba. Nataka mtu wa taaluma yao akae, asome "msongo," na aulize.

Jambo moja liliniumiza kuliko yote haya, nalo ni dogo. Wiki kaka alipokuwa chumba cha uangalizi maalumu, Mama Neema alikosa nauli na ada ya Neema wakati pesa zipo benki kwa jina la mumewe. Kabla ya upasuaji, akili ikiwa timamu, angeweza kusaini hati ya uwakilishi mbele ya wakili. Hata hiyo ina mpaka: mtu akipoteza uwezo wa akili, uwakilishi aliotoa unakoma, na familia inabaki na njia ya mahakama kumteua msimamizi wa mali yake. Ndiyo maana wosia, hati na maelekezo ya benki ni ya kufanya mapema, rufaa ikishaandikwa tu. Kaka amekwenda RITA, wakala wa serikali unaoandika na kutunza wosia, baadaye, kwa miguu yake, kuandika wosia. Mama yetu alinuna siku mbili, akaona tunamchuria mwanawe. Alikuja kuelewa pale kaka alipomsomea mwenyewe, kwa Kigogo, shamba la zabibu litakwenda kwa nani.

Siku hizi tukienda Dar kwa kipimo tunapanda treni, tunarudi kesho yake. Kifafa kimetulia kwa dawa. Maneno bado yanamponyoka akichoka. Juzi aliita koleo "ile ya moto," akacheka, akangoja mpaka likaja lenyewe.

Faili letu ni bahasha ya kaki, inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukurasa wa kwanza nilikuwa naandika mimi. Mwezi uliopita aliuondoa, akaniambia mwandiko wangu unapanda kilima. Akachukua rula, akapiga mistari mitatu ya wima kwa kalamu nyekundu, akaandika juu ya safu ya kwanza "Tarehe," ya pili "Nani," ya tatu "Alisema nini." Halafu akaanza upya, kuanzia Novemba 2023.